Nani atalipa mafuta ya Liemba?

Kwa vijiji vingi vya mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, njia kuu ni maji. Milima ya Mahale imeshuka hadi ufukweni, na barabara nyingi hazipitiki masika. Huko ndiko MV Liemba ilikofanya kazi tangu 1927, ikitoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia, na kusimama Lagosa, Kalya, Karema, Kipili, Kasanga na kwingineko. Pasipokuwa na gati, boti ndogo ziliifuata majini hata usiku wa manane. Abiria wakapanda na kushuka huku magunia ya dagaa na madumu ya mawese yakipokezanwa.

Meli hii ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, na imestahimili vita vikuu viwili. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana kijiji cha Kagunga, Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowavusha hadi Kigoma. Ilipositisha safari mwishoni mwa muongo uliopita, wanavijiji walibaki na boti za mbao.

Serikali imeshaamua kuikarabati, na imefanya vyema. Lakini ukarabati hulipwa mara moja. Kinachoua usafiri wa pembezoni ni gharama za kila safari: dizeli, vipuri, mishahara ya mabaharia. Meli inayosimama pengi kuchukua watu wachache haitajilipa kwa nauli anayoimudu mvuvi au mkulima wa mihogo. Tukiiachia kampuni ya meli ya umma mzigo huo peke yake, itaanza kuruka vituo, kisha kuahirisha matengenezo, na mwisho chombo kitarudi bandarini kuoza.

Wapo wanaosema badala ya serikali kulipia gharama hizo, fedha bora zijenge zahanati. Hoja hiyo ina uzito, ila zahanati nayo huhitaji dawa zifike, na mjamzito aliyeshindikana hapo lazima apelekwe hospitali kubwa. Wengine wanasema boti za watu binafsi zinatosha. Boti hizo zinastahili shukrani, lakini huondoka zikijaa, nauli hupangwa na mwenyewe, na upepo wa kusi ukivuma safari huwa ya kumwachia Mungu.

Tujiulize pia kuhusu usawa. Kila lita ya petroli na dizeli hukatwa tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Mvuvi wa Kalya anayenunua petroli ya mashine ya boti yake huchangia lami ambayo hajawahi kuikanyaga. Barabara haidaiwi faida; tunaitunza kwa sababu watu wanaihitaji. Kwa nini meli inayofanya kazi ileile ipimwe kwa mauzo ya tiketi?

Ruzuku isiyo na masharti, hata hivyo, ni hatari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kivuko cha umma kilikuwepo, lakini usalama wa abiria haukuwepo.

Kwa hiyo fedha zifungwe kwenye mkataba unaotaja vituo, siku za safari, kikomo cha nauli, idadi ya abiria na jaketi okozi. Kampuni ilipwe kwa safari iliyofanyika, na hesabu zibandikwe ofisi za vijiji zisomwe na wote. Kijiji kikipata barabara ya kupitika mwaka mzima, ruzuku ya kituo chake ihamishiwe kusikofikika.

Wabunge wa Kigoma, Katavi na Rukwa wana kazi moja ya pamoja: bajeti ya uchukuzi iwe na kasma ya uendeshaji wa meli hii, inayojitegemea na isiyochanganywa na fedha za ukarabati. Bila kasma hiyo, tutakuwa tumetengeneza meli tu. Usafiri wa wananchi utabaki vilevile.