MWALIMU KIJANA NA UGENI WA VISIWANI

Vijana wa kiume wa Kanisa la Wamormoni huenda ugenini wawili wawili kwa miezi 24, bila mshahara. Hujifunza lugha ya wenyeji na kufundisha. Imani yao si yetu sote, ila utaratibu huo unatukumbusha letu.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aanze shule ifikapo Novemba 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba wakashika chaki vijijini, huku wakisomea ualimu papo hapo.

Leo mwalimu kijana apangiwapo Songosongo au Kilwa Kisiwani, huvuka bahari hana mwenzi. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni asiye na pa kulala atamponya nani? Ndugu viongozi, nyumba itangulie, matokeo yadaiwe baadaye.