MANENO MACHACHE YA KIFARANSA KWA AFYA YA MSAFIRI



Inapokaribia tarehe 28 Novemba, wako kati yetu wanaojiandaa kuvuka daraja la Rusumo kwenda kuhiji Kibeho, Rwanda. Huko ndiko Bikira Maria alikoanza kuwatokea wasichana wa shule mwaka 1981, matokeo ambayo Kanisa liliyathibitisha mwaka 2001. Wengine huenda Bujumbura au Goma kwa biashara au kuwaona ndugu. Wanapopita kwetu kuomba dawa za safari, mimi huwauliza: "Ukiugua huko, utamwambia nini muuguzi?" Wengi hucheka na kunijibu kwamba Kinyarwanda si mbali na Kinyambo, na Kiswahili siku hizi kinafika kila mahali.

Wanasema kweli. Kwa kununua ndizi na kuuliza njia, lugha zetu zatosha. Lakini karatasi ya hospitali ni jambo jingine, nami nilijifunza hilo kwa uchungu.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu. Nilikuwa muuguzi kijana wakati huo. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka kama minne. Mtoto alikuwa na homa na alilia akiguswa mikono au miguu. Mama alinipa kadi aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni njia nzima. Juu yake palikuwa na neno moja: drépanocytose. Sikulijua. Nilidhani ni jina la dawa, nikaiweka kadi kando, na mtoto akatibiwa malaria tu. Siku ya tatu muuguzi mmoja, naye mkimbizi, aliisoma kadi ile akanitazama kwa mshangao. Neno lile ni selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Ndipo tulipompa maji ya kutosha na dawa kali ya maumivu, akapata nafuu. Siku mbili alizoteseka bure sijazisahau. Mama yake alikuwa ametimiza wajibu wake wote, ila mimi ndiye sikuweza kusoma.

Leo ni sisi tunaosafiri na kadi zetu. Basi tujiandae.

KWA NINI KIFARANSA?

Ubelgiji ilitawala Kongo hadi mwaka 1960, na Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962. Ikaacha Kifaransa shuleni na hospitalini. Rwanda iliingiza Kiingereza mashuleni kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo wapo waganga na wauguzi wa umri wangu waliosomea kwa Kifaransa. Burundi na Kongo, Kifaransa bado ndiyo lugha ya vyeti vya dawa.

MANENO YA KUSEMA

Anza na salamu. Kama kwetu, Mfaransa na aliyesoma Kifaransa huona ni utovu wa adabu mtu kueleza shida kabla ya kusalimu. Katika orodha hii nimeandika matamshi kwenye mabano. Zh itamke kama sh, lakini kwa sauti nzito yenye mtetemo kooni.

1. Bonjour, Madame, Bonjour, Monsieur (bonzhur madam, bonzhur mesye): habari ya mchana mama, bwana.
2. S'il vous plaît (silvuple): tafadhali.
3. J'ai mal ici (zhe mal isi): naumwa hapa. Sema huku ukionyesha kwa kidole.
4. Mon enfant a de la fièvre (mon anfan a dela fyevr): mtoto wangu ana homa.
5. Je suis enceinte (zhe swi ansent): nina mimba. Mama mjamzito aseme hili kabla ya kupokea dawa yoyote.
6. Je suis diabétique (zhe swi dyabetik): nina kisukari.
7. J'ai de l'hypertension (zhe de lipertansyon): nina shinikizo la damu.
8. Je suis allergique à la pénicilline (zhe swi alerzhik ala penisilin): penisilini inanidhuru.
9. Je ne comprends pas (zhe ne kompran pa): sielewi.

Huna haja ya kujifunza yote tisa. Jifunze salamu, namba 3, namba 9, na lile linalohusu ugonjwa wako. Hayo yajue kiasi kwamba hata ukiamshwa usiku utayasema. Ukikosea matamshi si aibu. Namba 9 ni muhimu sana, kwa sababu wengi wetu tukiona aibu huitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na hiyo ni hatari.

MANENO YA KUSOMA

Kwenye cheti au bahasha ya dawa utakuta haya:

- comprimé: kidonge.
- matin, midi, soir: asubuhi, mchana, jioni.
- avant le repas. Après le repas: kabla ya chakula. Baada ya chakula.
- à jeun: ukiwa hujala kitu.
- cuillère à café: neno kwa neno ni kijiko cha kahawa, lakini maana yake ni kijiko kidogo cha chai, mililita 5. Cuillère à soupe ni kijiko kikubwa, mililita 15. Ukivichanganya, mtoto atapata dawa mara tatu ya kipimo chake.
- paludisme: malaria.
- TA: kipimo cha shinikizo la damu.
- VIH: virusi vya UKIMWI. SIDA: UKIMWI wenyewe.
- CPN: kliniki ya wajawazito.
- SRO: chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha.

ANGALIA SAA

Hapa wengi hukosea. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, wao wanahesabu tangu usiku wa manane. Ukiambiwa huit heures (wit er), yaani "saa nane", siyo saa nane yetu. Ni saa mbili asubuhi. Na deux heures (de zer), "saa mbili", ni saa nane mchana.

Tena, saa za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Anayemeza dawa zake nyumbani kila siku saa tatu usiku, huko azimeze saa mbili usiku. Simu inaweza kubadili saa yenyewe baada ya kuvuka mpaka bila wewe kujua.

KADI YA SAFARI

Kabla ya safari njoo kliniki na kadi zako. Kwenye kipande cha karatasi ngumu tuandike jina lako, umri, kundi la damu kama limepimwa (groupe sanguin), ugonjwa ulio nao, dawa unazotumia na dawa inayokudhuru. Majina ya asili ya dawa hayabadiliki sana: metformin yetu kwao ni metformine. Jina la ugonjwa ndilo linaloweza kubadilika kabisa, kama nilivyoona kwa mtoto yule. Basi mwombe padre, sista au mwalimu anayejua Kifaransa aandike jina hilo.

Kadi hiyo na dawa zako viwe kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe, visiwekwe kwenye buti la basi. Dawa zibaki ndani ya pakiti zake. Kadi ni siri yako, mwonyeshe mhudumu wa afya tu. Lakini mwenzako mmoja wa safari ajue mahali ilipo, maana anayezimia hawezi kusema hata bonjour.

Jioni baada ya chakula, familia ifanye mazoezi. Mama awe mgonjwa, watoto wawe wauguzi. Watoto hushika maneno upesi kuliko sisi, nao watamsahihisha bila huruma.

Nawatakia safari njema. Mungu awarudishe salama.