Ufunguo Wenye Kazi Tatu

Ufunguo wa kabati la vitabu vya ubatizo hapa parokiani Matombo una kazi mbili: kufungua na kufunga. Ule wa kompyuta ya PDP-8/E, iliyotolewa Marekani mwaka 1970, ulikuwa na kazi tatu. (Kompyuta ya kwanza nchini mwetu, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha, mwaka 1965, ilikuwa ya aina nyingine.)

Ufunguo ukiwa mahali pa kwanza, mtambo umezimwa. Pa pili, umeme umeingia na swichi zote za usoni zinatii mkono. Hapo mwendeshaji alipanga swichi 12: ya juu ni moja, ya chini ni sifuri. Zilisomwa tatu tatu, thamani zake 4, 2 na 1. Panga punje 12 za mahindi mezani uone: kuandika 0200 wasogeza juu moja tu, ya tano kutoka kushoto. Ndiyo anwani. Akiisha kuipakia, alipanga agizo la kwanza na kuliweka. Mtambo wenyewe ukasogea nafasi ya pili. Agizo moja moja, hivyo hivyo! Swichi moja ikikosewa, kazi huenda kombo.

Mahali pa tatu ndipo nipapendapo. Mtambo uliendelea na kazi, bali swichi za kuusimamisha hazikutii tena. Mfagiaji akizigusa kwa kitambaa, hesabu za siku nzima hazikupotea. Zile 12 tu programu iliweza kuzisoma bado. Basi hizo, hata baada ya kufunga, hazikuchezewa.