Kufa Ganzi na Kutiwa Ganzi: Usemezano Uliovunjika katika Wimbo "Comfortably Numb"

Wimbo "Comfortably Numb" wa kundi la Pink Floyd ulitoka mwaka 1979 katika albamu The Wall, na ndio unaofunga upande wa tatu wa santuri zake mbili. Maneno yake yalitungwa na Roger Waters; muziki kwa sehemu kubwa ni wa David Gilmour. Katika hadithi ya albamu, mwanamuziki Pink amejizungushia ukuta wa upweke hadi hawezi tena kusema na mtu. Saa ya onyesho imewadia, naye ameduwaa chumbani hotelini. Daktari anaitwa, anamchoma sindano, na Pink anapelekwa jukwaani. Waters amewahi kueleza kwamba kiini cha tukio hili ni sindano aliyochomwa Philadelphia mwaka 1977, alipougua tumbo kabla ya kutumbuiza.

Kwa umbo, wimbo ni usemezano. Beti, zinazoimbwa na Waters, ni za daktari. Vibwagizo, vinavyoimbwa na Gilmour, ni vya Pink. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba usemezano huo ni wa sura tu. Daktari hutumia maulizo na amri, yaani lugha ya zahanati inayotaka jibu fupi: wapi panauma, je, waweza kusimama? Pink hamjibu. Yeye husimulia umbali, kisha homa ya utotoni na kitu alichokiona mara moja kikampotea. Swali la mmoja na kauli ya mwenzake havikutani popote.

Muziki nao unathibitisha jambo hili. Beti zimejengwa katika B maina, na vibwagizo katika D meja. Funguo hizi mbili hutumia noti zilezile, ila kila mmoja una makao yake. Watu hawa wawili basi wamo chumba kimoja, wana sauti zilezile za kuchagua, lakini kila mmoja anarudi kwake.

Ugumu mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili umo katika anwani. Kivumishi cha Kiingereza hakisemi ganzi imetoka wapi. Kiswahili hutulazimisha kuchagua: mguu hufa ganzi wenyewe, lakini mgonjwa hutiwa ganzi, na kauli ya kutendwa humleta mtendaji hata asipotajwa. Wanaouona wimbo huu kuwa sifa ya dawa za kulevya (nao si wachache) wanasoma kutiwa ganzi peke yake. Mfuatano wa albamu unawapinga, kwa maana Pink alikwisha kufa ganzi kabla daktari hajabisha hodi. Sindano haimponyi wala haimwangushi. Inamfanya afae kwa kazi. Nadhani hapo ndipo ukatili wa wimbo ulipo. Kimya cha mtu aliyevunjika kinachukuliwa kuwa hitilafu ya kurekebishwa ili tiketi zilizouzwa zisirudishwe.

Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi (1974), naye ametengwa na jamaa zake na mwishowe anajiua. Tofauti ni kwamba Kazimoto anafikiri kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na upweke wake unapata lugha. Wa Pink unaikosa, na pengo hilo linajazwa na gitaa.

Solo la kwanza la Gilmour linafuata kibwagizo na kubaki katika D meja, upande wa Pink. La pili, refu na maarufu zaidi, linakuja baada ya neno la mwisho la Pink, nalo linapigwa juu ya kodi za beti, yaani katika B maina ya daktari. Katika maonyesho ya 1980 na 1981, Gilmour alilipiga akiwa juu ya ukuta uliojengwa jukwaani, huku Waters akiwa chini. Kwenye albamu, solo hilo linafifia bila kurejea D meja, na wimbo unaofuata unampata Pink akielekea jukwaani.