Mkaa Usiotoa Moshi Bado Una Sumu

Usiku wa baridi kwenye vilima vya Ngara, au mvua inaponyesha Biharamulo, familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani baada ya chakula cha jioni. Mlango hufungwa ili watoto wapate joto. Mazoea haya yanaweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja.

Wengi wetu tunaamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa huo bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Katika falsafa tunajifunza kwamba si kila kilichopo huonekana. Huu ni mfano wake. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo hukosa oksijeni mtu akiwa usingizini. Beseni la maji kando ya jiko haliondoi sumu hiyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Huku kwetu, mara moja tunawaza malaria. Lakini tujiulize: je, wanaumwa wote waliolala nyumba moja, kwa wakati mmoja, bila homa? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Basi tulishuku jiko. Na msiba ukitokea, tusitafute mchawi kati ya majirani.

Tukikuta watu katika hali hiyo, tufungue milango na madirisha, tuwatoe nje haraka, wala tusikawie ndani. Kisha tuwapeleke kwenye kituo cha afya au hospitali yenye oksijeni. Tumweleze mhudumu wazi kwamba walilala na jiko, kwa sababu kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kutosha ilhali mgonjwa yumo hatarini. Mjamzito apelekwe hata akijisikia nafuu, kwa kuwa mtoto tumboni huathirika pia.

Kinga ni rahisi: jiko libaki nje mpaka mkaa uzimike kabisa, na jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Tulizungumze jambo hili katika jumuiya ndogondogo, tukiwakumbuka wazee wanaoishi peke yao. Anayelala na jiko kwa kukosa blanketi hasaidiwi na onyo peke yake, tumpelekee blanketi.