Shajara ya likizo ndefu: kaunta buku, daftari la olubugo au simu?

Mwanafunzi wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari Uganda, anapomaliza mtihani wake wa mwisho mapema Desemba, mbele yake kuna miezi minane hivi kabla Chuo Kikuu cha Makerere hakijaanza mwaka wake wa masomo Agosti. Kampala nzima huuita muda huo vac. Ndani yake mna viangazi viwili, matokeo ya mtihani huo, yaani UACE, uchaguzi wa kozi, na shangazi wanaouliza kila wanapokuja, "Mwanangu, sasa utasomea nini?" Kijana anahitaji mahali pa kujibu swali hilo polepole, bila kusikilizwa na mtu. Shajara ndiyo mahali hapo, na kuichagua kunastahili hesabu.

Miezi minane ni siku 240. Ukiandika ukurasa mmoja kila siku, daftari la shule la kurasa 96 halitafika mbali, utanunua matatu. Kaunta buku yenye jalada gumu, ile iliyoandikwa 3 Quire, ina kurasa 288, kwa hiyo moja inamaliza likizo na kubakiza. Kabla ya kulipa, gawanya bei kwa idadi ya kurasa. Ukiuziwa kaunta kwa shilingi 10,000, kila ukurasa ni shilingi 35 hivi. Daftari lenye jalada la olubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, kutoka vibanda vya sanaa nyuma ya National Theatre au Buganda Road, likiwa la 30,000 na kurasa 100, linakutoza 300 kwa ukurasa. Naupenda mno ufundi huo wa Baganda wa kuponda gome la mti wa mutuba, nao umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu tangu 2008. Kwa zawadi sina cha kulinganisha nao. Kwa kuandikia, nina shaka: daftari zuri humfanya mwenyewe asubiri jambo kubwa la kuliandikia, na Agosti inamkuta kurasa zikiwa nyeupe. Kwenye kaunta huogopi kufuta, kuchora, wala kulalamika.

Diari za mwaka, zile zinazochapwa kwa wingi Nasser Road mwaka unapoelekea kwisha, hupatikana hata bure kwa mzazi mwenye ajira ofisini. Ukipewa, pokea. Ila nyingi huzibana Jumamosi na Jumapili katika ukurasa mmoja, na siku ulizoruka hubaki na tarehe zake zikikukodolea macho. Ukitaka kununua, ngoja Februari, maana kila siku inayopita inamlegeza muuzaji.

Simu inaonekana haina gharama, na kweli programu ya kuandikia haihitaji intaneti. Gharama huanza pale kidole kinapohamia WhatsApp. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Kwa siku 240 hizo zingekuwa 48,000 kabla hujanunua bando lenyewe. Tozo hiyo iliondolewa 2021, ushuru wa asilimia 12 ukawekwa juu ya data. Zaidi ya hapo, simu huporwa ukiwa kwenye boda, huazimwa na wadogo zako, hufunguliwa na fundi. Hata hivyo, binti anayelala chumba kimoja na ndugu wanne, ambaye kila karatasi yake husomwa, namshauri achague simu yenye namba ya siri bila kusita. Faragha ndiyo bei kubwa kuliko zote.

Aliyesoma bweni ana njia nyingine: lile sanduku la bati alilorudi nalo nyumbani. Limekwisha kulipiwa, lina kufuli, na kaunta buku inaingia vizuri.

Wala si lazima ujaze siku zote 240. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti uliowataka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza pamoja na walivyojisikia walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Siku nne, karatasi chache.

Mganda mmoja alishaandika kiangazi chake zamani. Mwaka 1902 Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na katibu wake, Ham Mukasa, akaandika safari hiyo kwa Kiganda: meli, majengo, watu, na mshangao wake mwenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ya Ernest Millar ilitoka 1904. Nawapendekezea vijana mfano huo kwa sababu Mukasa aliandika kwanza alichokiona kwa macho, na fikra zikafuata. Naye aliiandika kwa lugha ya nyumbani, jambo ambalo shule zetu haziwazoezi watoto.

Kwa hiyo nunua kaunta buku na kalamu mbili. Akiba iliyobaki iwe nauli ya kwenda Kamwokya: FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kina klabu ya wasomaji na waandishi Jumatatu jioni, na wanaume pia hukaribishwa. Siku ukiwa na ukurasa unaotaka mwingine ausikie, peleka huko.