Mwanasaikolojia Hapigi Ramli

Kwa mganga, kazi ya kwanza ni ya mganga. Mteja anakaa mkekani, anataja jina lake na la mama yake, kisha anasubiri kuambiwa: nani kamtupia jicho, ugomvi wa shamba umeanzia wapi, kwa nini usingizi umemkimbia tangu masika. Mganga anayeuliza sana anajiharibia jina. Sasa mtu huyohuyo apande basi kutoka Newala, alipe fedha yake, aketi mbele ya mwanasaikolojia, halafu aulizwe, "Nini kimekuleta leo?" Ana haki ya kushangaa. Wapo ambao hawarudi tena, na sababu wanayoitoa ni moja: yule hajui kitu, ananiuliza mimi.

Ukitaka kuokoa nauli na ada yako, lifahamu hilo kabla ya yote. Tiba hii imejengwa juu ya maswali. Mtaalamu anakuuliza wewe, na wewe una haki ya kumwuliza yeye, tena kabla hujatoa shilingi.

Kumtaja mganga hapa si dhihaka. Mwaka 2003 Mary Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann walichapisha utafiti uliofanyika mjini hapa Tanzania. Waliwapima watu waliofika katika vituo vya afya na wengine waliofika kwa waganga wa jadi, kila mmoja na maradhi yake. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikutwa na sonona, wasiwasi uliopita kiasi au matatizo ya jamii hiyo. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48. Karibu nusu ya foleni ya mganga, basi, ni watu ambao mwanasaikolojia angeweza kuwasaidia. Wameshachagua pa kwenda, nao wamezoea namna ya kuhudumiwa huko.

Watu wa huku kusini wana mazoea mengine pia. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamelelewa na jando na unyago, ambako mambo mazito ya mwili, ndoa na heshima husemwa faraghani. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliona nguvu ya mafunzo hayo, na badala ya kulipiga jando marufuku akaliingizia sala na baraka za kanisa. Lakini katika jando na unyago anayesema ni kungwi au nyakanga. Mwali kazi yake ni kusikiliza na kushika. Kwa mwanasaikolojia mambo yamegeuka. Anayesema zaidi ni wewe. Ukimwomba akuamulie kama urudi kwa mumeo au umwachie mjomba shamba, mtaalamu mzuri atakataa kuamua. Atakusaidia uone unachokiogopa katika kila njia, kisha uamuzi utabaki wako.

Hebu tuone kazi yenyewe kwa mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani na Newala aliuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi na kwa bei ya chini, msimu haujafunguliwa, kwa sababu ada ya shule ya mtoto ilikuwa imefika. Mnada ulipoanza, wenzake wakapeleka magunia ghalani kwa chama cha msingi. Yeye hana hata kilo. Akaacha kukaa barazani. Akaacha kwenda msikitini Ijumaa. Usiku anakesha, mchana amelala. Hatimaye mwanawe akamkutanisha na mwanasaikolojia, kijana wa umri wa kitinda mimba wake.

"Shikamoo baba," kijana anaanza. "Mara ya mwisho kwenda msikitini ilikuwa lini?"

"Tangu mnada wa kwanza. Nikienda watanicheka."

"Nani alikucheka, baba? Alisema nini?"

Mzee anafikiri. Hakuna aliyecheka. Yupo mmoja tu aliyemwuliza kama anaumwa. Basi wanachukua karatasi na kuigawa safu nne: kilichotokea, nilichowaza, nilivyojisikia, nilichofanya. Kisha anapewa kazi ya nyumbani: Ijumaa aende akaswali, akae barazani kidogo baada ya swala, arudi na kuandika kilichotokea kweli. Asiyejua kuandika atamsimulia mwanawe aandike.

Linaonekana jambo dogo, lakini ndani yake kuna sayansi. Mtu mwenye sonona hujitenga. Akijitenga, vitu vilivyokuwa vikimpa raha na hadhi vinapungua. Vikipungua, sonona inazidi, naye anajitenga zaidi. Kumrudisha kwenye shughuli hatua kwa hatua, hata kabla hajajisikia kutaka, kunaukata mzunguko huo. Hofu nayo ina mzunguko wake. Aliyepata ajali ya bodaboda akiacha kupanda kabisa, ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba safari nyingi hufika salama. Akirudi barabarani kidogo kidogo na kwa mpango, kumbukumbu mpya inajengeka kando ya ile ya ajali na kuipunguza nguvu. Ya zamani haifutiki, ndiyo maana hofu inaweza kuchomoza tena hata kwa aliyepona.

Hasara ya kangomba, hata hivyo, haitalipwa na karatasi ya safu nne. Mtaalamu anayejifanya haioni hasara hiyo hafai. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango ambamo wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao bibi za watu, hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakaorodhesha shida zake, wakachagua moja na kuitafutia hatua ya kwanza. Matokeo ya jaribio lililofanyika Harare kwa watu 573 yalichapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kwa waliokaa benchini, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Jirani zaidi, vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda viliingizwa katika jaribio la Paul Bolton na wenzake, lililochapishwa 2003. Vikundi vya tiba ya mazungumzo vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Waliokuwa na sonona katika vikundi hivyo walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5; kwa wasiopata tiba, kutoka 94 hadi 55. Hapa kwetu, jaribio la Shannon Dorsey na wenzake kwa watoto waliofiwa na wazazi, lililochapishwa 2020, lilionyesha mafanikio katika vijiji vya Moshi, lakini mjini Moshi tiba ya mazungumzo haikuishinda huduma ya kawaida. Ndiyo maana simwamini mtu anayeiuza tiba hii kama dawa isiyokosea.

Mafanikio yanategemea sana jambo moja ambalo mteja anaweza kulipima mwenyewe: maelewano kati yake na mtaalamu. Christoph Flückiger na wenzake walikusanya mwaka 2018 tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000, wakakuta kwamba pale ambapo wawili hao wanakubaliana lengo na kazi, na mgonjwa anajisikia kuheshimiwa, matokeo huwa mazuri zaidi, iwe tiba ni ya aina gani. Kwa hiyo swali la umri na jinsia si la kuonea haya. Kama wewe ni bibi wa miaka 60 na huwezi kuzungumza habari za chumbani na kijana wa kiume, sema. Kama mambo mazito unayasema vizuri kwa Kimakonde kuliko Kiswahili, uliza mapema. Na kama baada ya vikao vitatu bado unajiona umekaa na karani wa mahakama, tafuta mwingine bila kinyongo.

Hapo ndipo yanapoingia maswali yako. Umesomea nini, wapi? Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Mtu aliyepita huko au mahali pa kiwango hicho hataona tabu kukuonyesha cheti. Mshauri nasaha aliyepata mafunzo mafupi anaweza kukufaa pia, kama Uganda na Zimbabwe zilivyoonyesha, ila mle majaribioni kulikuwa na msimamizi aliyekagua kazi. Mwulize basi: nani anakusimamia? Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Huku kwetu, bango la "mshauri" lisikutoshe. Mwulize pia amewahi kutibu tatizo kama lako, na atajuaje kwamba unapona. Wengi hutumia dodoso fupi la maswali tisa, lililotungwa 2001 na kutafsiriwa kwa Kiswahili, linalouliza hali yako ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, hamu ya kazi, mawazo ya kufa. Ukijibu tena baada ya wiki kadhaa, alama zitaonyesha kama mnasogea. Kati ya wagonjwa 100, watano hadi kumi huweza kuondoka na hali mbaya kuliko walivyokuja, hivyo kupima si urasimu.

Anayekutaka kimapenzi, anayekukopa, anayekuahidi kupona kwa siku moja, au anayedai ulipe vikao vyote kabla ya kuanza: ondoka.

Sasa siri. Masasi iko chini, kati ya vilima vyake vya mawe, Newala iko juu ukingoni, na habari husafiri kati yake haraka kuliko mabasi. Ukionekana mlangoni mwa ofisi fulani, wakwe watajua kabla ya jioni. Wengi watakaotaka huduma ya binafsi watatazama Mtwara mjini au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi, au watazungumza kwa simu. Simu haina ubaya: kwa sonona na wasiwasi, tiba ya masafa inayoongozwa na mtaalamu imeonyesha matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana. Shida ni nyumba. Nani atasikia ukutani? Ujumbe wa malipo utaonekana kwenye simu ya nani? Kubalianeni mapema mahali, saa, na la kufanya mtandao ukikatika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwulize mtaalamu anaandika nini, daftari analifungia wapi, na ni wakati gani atalazimika kuvunja siri. Jibu la kawaida ni pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto anapodhuriwa. Wapo wanaoficha mawazo ya kujiua kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Mawazo si jaribio. Yaseme, tena kikao cha kwanza.

Fedha nazo zina msimu. Ada ni ya kila wiki, na korosho hulipa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Takwimu alizochapisha Kenneth Howard na wenzake mwaka 1986 kwa wagonjwa zaidi ya 2,400 zilionyesha kwamba karibu nusu walipata nafuu kufikia kikao cha nane, na robo tatu kufikia cha 26. Kwa hesabu hiyo, anayeanza Juni na fedha ya vikao viwili anajitafutia kukata tamaa. Ni afadhali kupanga vikao sita au nane vyenye lengo moja, ukajua na bei ya nauli, kuliko kuanza kwa kishindo. Uliza kama bima yako inahusika.

Lipo pia kundi ambalo halipaswi kuanzia kwa mwanasaikolojia wa binafsi hata kidogo. Mwanasaikolojia haandiki dawa; hiyo ni kazi ya daktari. Anayeanguka kifafa, anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyelala siku kadhaa huku akisema mfululizo, mama aliyejifungua majuzi na kuanza kumwogopa mwanawe, au mtu aliyeshika kamba au sumu, apelekwe hospitali leo: Mkomaindo kwa aliye Masasi, Ndanda kwa aliye njia ya kwenda Mtwara, hospitali ya wilaya kwa aliye Newala. Hata mwenye uchovu na huzuni za kawaida apime damu kwanza, maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo huiga sonona vizuri sana, na hayaponi kwa mazungumzo.

Na kama anayeteseka ni mtoto, namba 116 hupigwa bure.